King'ora namba 37

Simu niliyopigiwa ilikuwa fupi. Matroni wa hosteli moja ya wanafunzi hapa Dar es Salaam alinieleza kwamba king'ora kimoja cha moto katika korido ya ghorofa ya tatu kimekufa, kwamba paneli, yaani kisanduku kinachoongoza mfumo wa moto, iliyo kwenye chumba cha mlinzi inalia usiku kucha kuripoti hitilafu hiyo, na kwamba mlinzi amechoka kuinyamazisha. Nilimjibu, "Mama, hiyo ni kazi ya saa moja." King'ora kipya kilikuwa kwenye begi, ngazi ilikuwa kwenye gari, na nilitarajia kula chakula cha mchana nyumbani. Kazi ile ilichukua siku mbili, na sehemu yake moja bado haijakwisha hadi ninapoandika haya.

Ninaiandika kwa sababu mafundi wengi tuliojifunzia kazi hii juu ya ngazi tunaamini kwamba king'ora kikishapewa anwani, yaani namba yake, na paneli ikishakitambua, basi kimeshasanidiwa, yaani kimeshapangiwa kazi yake yote. Anwani huiwezesha paneli kukiita, basi. Haisemi kiitwe lini, kilie mlio gani, kwa nguvu kiasi gani, wala haisemi kama mtu aliyelala nyuma ya mlango uliofungwa atakisikia. Mambo hayo manne ndiyo yaliyonila siku mbili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kufungua paneli ya aina hii, nieleze kidogo. Katika mfumo wa zamani, kengele zote za eneo fulani huunganishwa kwenye jozi moja ya nyaya. Paneli ikipeleka umeme zote hulia, ikiukata zote hunyamaza, nayo haijui kengele ipi ni ipi. Katika mfumo wa anwani, jozi moja ya nyaya hutoka kwenye paneli, hupita kwenye vitambua moshi, visanduku vyekundu vya kubonyeza na ving'ora, kisha hurudi kwenye paneli ileile. Mafundi huiita lupu. Nyaya hizo mbili hubeba umeme na mazungumzo kwa wakati mmoja. Paneli huita namba moja baada ya nyingine, kila kifaa hujibu namba yake inapotajwa, na kisichojibu huandikwa kwenye kioo cha paneli kuwa kimepotea. Kwa kuwa lupu hurudi ilikotoka, waya ukikatika mahali pamoja paneli huendelea kuvifikia vifaa kutoka pande zote mbili. Nyaya zikipiga shoti, vitenganishi vilivyopangwa njiani hukiacha nje kipande kibovu ili vifaa vingine viendelee na kazi. Lupu ya hosteli hii inaruhusu anwani 126, na siku nilipofika ilikuwa na vifaa 96: ving'ora 20, na vilivyobaki 76 vilikuwa vitambua moshi na visanduku vya kubonyeza.

Mlinzi ni mtu mzima aliyenizidi umri kwa mbali. Nilipomwamkia aliniitikia, kisha akaniuliza kama nimekuja kumwondolea mtoto wake anayelia. Tulikubaliana kwamba wakati ving'ora vimezimwa kwa ajili ya matengenezo yeye atazunguka ghorofa zote kila baada ya nusu saa, na matroni akabandika tangazo mlangoni ili wanafunzi wajue kwamba kwa saa kadhaa wasitegemee mlio. Hatua hizi nazitaja kwa haraka, lakini sijawahi kuziruka: jengo ambalo ving'ora vyake vimezimwa bila watu kuarifiwa ni hatari kuliko jengo lisilo na ving'ora kabisa, kwa maana watu wake bado wanaviamini. Jambo moja tu sikulifanya, nalo lilinigharimu baadaye. Sikunakili mipangilio ya paneli kabla ya kugusa chochote.

King'ora kilichokufa kilikuwa namba 37. Hosteli iko karibu na bahari, na hewa ya chumvi ilikuwa imekula vibao vyake hadi swichi za anwani hazikusomeka tena, hivyo sikuweza kuzinakili zilivyokaa. Sikuona shida. King'ora hiki hupewa anwani kwa swichi saba ndogo zilizopangwa kwenye mstari, ambazo thamani zake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na 64. Fundi huchagua zile ambazo jumla yake ni namba anayoitaka. Thelathini na saba ni 32 na 4 na 1, yaani swichi ya sita, ya tatu na ya kwanza. Nilizipandisha hizo tatu kwa ncha ya bisibisi, nikaziacha nne chini, nikakichomeka king'ora kwenye kitako chake, nikashuka.

Paneli ilikataa. Kioo kiliandika kwamba namba 37 bado imepotea, na chini yake kikaongeza hitilafu mpya: namba 90 ina vifaa viwili. Namba 90, kwa mujibu wa orodha, ilikuwa kitambua moshi katika stoo ya magodoro ghorofa ya nne. Nilipanda huko, nikafungua stoo, nikakuta ndani ya kitambua moshi kile mayai mawili ya mjusi kafiri, nikajipongeza kwamba nimempata mwizi. Nikakisafisha, nikakirudisha, nikashuka ghorofa nne. Hitilafu ilikuwa palepale. Nikapanda tena, nikakiondoa kabisa, nikashuka, na hapo ndipo nilipoanza kufikiri badala ya kupanda ngazi: kitambua moshi nilikuwa nacho mkononi, na paneli ilikuwa bado inaona kifaa chenye namba 90. Ikaongeza kwamba kifaa hicho ni cha aina isiyotarajiwa. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine kwenye lupu kilichokuwa kikiitikia jina la mwenzake.

Nilitoa kile kikaratasi kinachokuja ndani ya boksi, ambacho nilikuwa nimekitupa chini ya begi bila kukifungua. Kilisema kwamba katika aina hii swichi iliyopandishwa huhesabiwa sifuri, na iliyoshushwa ndiyo huhesabiwa thamani yake. Nilizoea aina nyingine ambayo hufanya kinyume. Swichi nne nilizoziacha chini zilikuwa za 2, 8, 16 na 64. Zijumlishe na utapata 90. Hesabu yake ni nyepesi mno mtu akishaijua: swichi zote saba kwa pamoja ni 127, kwa hiyo anayezigeuza zote kinyume huangukia kwenye 127 kutoa namba aliyoikusudia. Tangu siku hiyo, nikiona paneli inalalamikia namba mbili kwa mpigo, moja imepotea na nyingine imejirudia, huzijumlisha kwanza. Zikifika 127, najua ngazi ninayopaswa kupanda ni ipi.

Zipo njia nyingine za kutoa anwani. Watengenezaji wengine huweka vigurudumu viwili vidogo, kimoja cha makumi na kingine cha mamoja, ambavyo fundi huvizungusha kwa bisibisi na kuisoma namba kama inavyoandikwa. Hivyo ndivyo ninavyovipenda, kwa sababu hata mtu aliyechoka huvisoma sawasawa. Wengine hawaweki swichi yoyote, na anwani huandikwa ndani ya kifaa kwa mashine ya mkononi kabla hakijapanda darini. Ukisahau kubandika kibandiko cha namba juu yake, atakayekuja baada yako atakulaani. Na zipo paneli zinazojigawia namba zenyewe kwa kufuata mpangilio wa vifaa kwenye waya. Njia hiyo huokoa muda siku ya kwanza. Hata hivyo naiogopa, kwa kuwa namba hufuata njia ambayo fundi wa nyaya alipitisha kebo, na njia hiyo mara nyingi haifanani na mchoro, hivyo maelezo ya "chumba namba fulani" huishia kwenye choo cha ghorofa nyingine.

Nilipokuwa bado nimechanganyikiwa na namba 90, nilikuwa nimefanya kosa la pili. Niliiamuru paneli isome lupu upya, nikitumaini kwamba itajitatulia yenyewe. Ilisoma, ikaona namba 37 haipo, ikaifuta kwenye orodha yake pamoja na kila ilichojua kuihusu. Baadaye nilipozirekebisha swichi na kuisomesha lupu tena, namba 37 ilijitokeza vizuri, hitilafu zote zikatoweka, taa ya kijani ikawaka, na yule mzee mlinzi akapiga makofi. Fundi mwenye haraka angefunga begi hapo. Mimi mwenyewe nilishalifunga, na nililifungua tu kwa sababu matroni alitaka kusikia mlio kabla hajanilipa.

Tulijaribu kwa kubonyeza kisanduku chekundu cha jikoni, ghorofa ya chini. Ving'ora 19 vililia. Namba 37 ilikaa kimya, ingawa paneli iliionyesha kuwa ni nzima.

Hapa ndipo penye kiini cha usanidi wa king'ora, na ndipo ninapotaka kukaa kidogo. Kitambua moshi hakihitaji kuelezwa mengi: kazi yake ni kusema kimeona nini. King'ora husubiri amri, na amri hiyo hutoka kwenye jedwali lililo ndani ya paneli, ambalo linasema kwamba jambo fulani likitokea mahali fulani, kundi fulani la ving'ora lilie kwa namna fulani, mara moja au baada ya muda fulani. Vitambua moshi na visanduku vya kubonyeza hugawiwa katika kanda. Ving'ora hugawiwa katika makundi. Jedwali huunganisha kanda na makundi. King'ora kisichokuwa katika kundi lolote kina umeme, kina anwani, kinajibu kila kinapoitwa, na hakitalia hata jengo lote likiungua. Paneli nyingine humwingiza mgeni moja kwa moja kwenye kundi la jumla. Hii humwacha nje hadi mtu amwingize. Nilikuwa nimelifuta kundi la namba 37 kwa mkono wangu.

Katika kulirudisha nililazimika kulisoma jedwali zima, na nikakuta jambo ambalo matroni hakulijua. Fundi mmoja aliyenitangulia alikuwa ameweka ucheleweshaji wa dakika tano: kitambua moshi cha chumba chochote kikiona moshi, ving'ora vya ghorofa hiyo vilisubiri dakika tano kabla ya kulia. Sababu yake niliifahamu bila kuuliza. Wanafunzi hupika vyumbani kwa majiko madogo ya umeme, kinyume cha sheria za hosteli, na maharage yakiungua saa nne za usiku jengo lote hutolewa nje. Watu wakalalamika, fundi akawapa utulivu wao.

Ucheleweshaji si dhambi kila mahali. Katika hospitali au jengo kubwa la ofisi, ambako wapo watu waliofundishwa kukimbilia mahali palipoonyeshwa na kuthibitisha kama moto ni wa kweli, dakika chache za uchunguzi hupangwa kwa makusudi, na mtu akibonyeza kisanduku chekundu muda huo hukatizwa papo hapo. Katika majengo marefu vilevile hupangwa hatua mbili: ghorofa inayoungua na iliyo juu yake hupata mlio mfululizo wa kuondoka, na ghorofa nyingine hupata mlio wa kukatakata unaowaambia watu wajiandae. Hosteli ya ghorofa nne yenye mlinzi mmoja usiku haina mtu wa kwenda kuthibitisha kitu ndani ya dakika tano. Mlinzi huyohuyo ndiye anayefungua geti. Nilimweleza matroni kwamba maharage yanayoungua yatibiwe kwenye kitambua moshi chenyewe: kisogezwe mbali na mahali wanapopikia, au kiwekwe cha aina inayopima joto pamoja na moshi, au wanafunzi wapewe jiko la pamoja lenye kitambua joto. Alikubali jiko la pamoja. Ucheleweshaji niliuondoa, na tarehe ya kuuondoa nikaiandika kwenye daftari ambalo sasa limefungwa kwa kamba kando ya paneli.

Nikiwa kwenye mipangilio nilibadilisha pia maelezo yanayotokea kwenye kioo. Namba 37 ilikuwa imeandikwa kwa vifupisho vya Kiingereza ambavyo mzee aliniambia kwamba kwa miaka yote alidhani ni namba ya kiwandani. Kioo kinaruhusu herufi 40 kwa kila kifaa; "King'ora korido ghorofa 3 mashariki" ni herufi 35, na anayeyasoma saa tisa za usiku ni yeye, si mimi.

Jaribio la pili, namba 37 ililia pamoja na wenzake, lakini ililia mlio mwingine. Wenzake 19 walikuwa na mlio unaopanda na kushuka, nayo ilitoka kiwandani ikiwa na mlio wa namna mbili zinazopokezana. Katika korido ileile milio hiyo miwili ilipishana kiasi kwamba mwanafunzi mmoja alitoka kuuliza kama kuna gari la wagonjwa. Mlio huchaguliwa kwa swichi nyingine ndani ya king'ora au kwa amri ya paneli, kutegemea aina, na kanuni yake ni kwamba jengo moja liwe na mlio mmoja wa moto ambao haufanani na kengele ya kipindi, ya chakula wala ya mlango. Hilo lilichukua dakika kumi.

Kisha nikatoa mita ya sauti, na siku ya pili ikaanzia hapo.

Mchoro wa jengo hili ulirejea kiwango cha Uingereza cha mifumo ya ving'ora vya moto, BS 5839, sehemu ya kwanza. Kwa maeneo ya kawaida kiwango hicho hutaka mlio wa desibeli 65 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), au desibeli 5 juu ya kelele za mahali hapo kama kelele hizo ni za muda mrefu. Ngazini na katika vyumba vidogo hukubali 60. Lakini mahali watu wanapolala, na king'ora ndicho kinachotegemewa kuwaamsha, hutaka 75 pale kichwa kilipo kwenye mto, milango yote ikiwa imefungwa. Mtu anaweza kuiona tofauti ya 65 na 75 kuwa ya wahandisi. Septemba 2024 moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, ulitokea usiku na kuwaua watoto 21. Tangu wakati huo sijakabidhi jengo la kulala kwa kusimama koridoni na kusema kwamba panasikika.

Korido ilisikika sana, kiasi cha kuumiza masikio. Nilimwomba mwanafunzi wa chumba cha katikati aniruhusu niiweke mita kwenye mto wake, nikafunga mlango, nikawasha panga boi kama wanavyolala, nikampigia mzee simu awashe. Mita ilisoma 61. Nilirudia chumba cha jirani: 60. Cha mwisho wa korido: 58.

Hesabu ingeniambia hivyo hata bila mita. King'ora kile hutoa desibeli 97 kwa umbali wa mita 1. Kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6, kwa hiyo mita 2 ni 91, mita 4 ni 85, mita 8 ni 79. Mwangwi wa korido hurudisha kidogo. Mlango wa kawaida uliofungwa hula kama 20, na mlango uliotengenezwa kuzuia moto hula hata 30. Toa 20 kwenye 79 na unabaki na 59. Nilikuwa na pengo la desibeli 14 au zaidi. Kukipandisha king'ora hadi mwisho wa nguvu yake kungeniongezea 3. Kuongeza kingine cha pili kando yake kungeniongezea 3 nyingine, kwa kuwa vyanzo viwili vilivyo sawa huongeza kiasi hicho tu, wala haviizidishi sauti mara mbili kama watu wanavyodhani. Na kulijaza korido ving'ora hadi 14 zipatikane kungewafanya wanaokimbia wazibe masikio kwa mikono ambayo walipaswa kushikia vitasa na reli za ngazi.

Njia iliyobaki ilikuwa kuingiza sauti ndani ya vyumba. Kila chumba kilikuwa tayari na kitambua moshi darini, na vipo vitako vyenye king'ora kidogo ndani yake, ambavyo hufungwa mahali pa kitako cha kawaida na kitambua moshi hurudi juu yake, bila kupitisha waya mpya. Vipo vya namna mbili. Namna ya kwanza haina anwani. Huamriwa kupitia kitambua moshi kilichochomekwa juu yake. Ya pili ina anwani yake yenyewe, na paneli hukiita kila kimoja na kukiripoti kikifa. Nilichagua ya pili ingawa ni ghali zaidi, kwa sababu king'ora cha chumbani hakuna atakayegundua kwamba kimekufa hadi siku kinapohitajika.

Ghorofa ina vyumba 16. Vitako 16 juu ya vifaa 96 ni 112, na lupu inaruhusu 126, anwani zilitosha. Umeme nao ulipaswa kuhesabiwa, kwa maana ving'ora vya lupu hunywa kutoka kwenye zile nyaya mbili. Ving'ora 20 vya korido kwa miliampea 9 kila kimoja ni 180. Vitako 16 kwa miliampea 5 ni 80. Vifaa vingine 76 kwa nusu miliampea ni 38. Jumla ni 298, na paneli hutoa hadi 400. Hapo wengi huishia, nami nilikuwa nikiishia hapo miaka ya nyuma. Kebo ya milimita 1.5 za mraba ina ukinzani wa omu 12.1 kwa kila kilomita ya uzi mmoja, yaani 24.2 kwa kwenda na kurudi. Lupu hii ina urefu wa mita 600. Ikikatika karibu na paneli upande mmoja, umeme wote hupitia upande uliobaki, na kifaa cha mwisho huwa mbele ya omu 14.5. Mzigo wote ungekuwa mwishoni, volti 4.3 zingepotea njiani. Paneli hii haiishikilii volti ya lupu. Hushuka pamoja na betri, na betri mbili za volti 12 zilizochoka hufika 21. Ondoa 4.3 na unabaki na 16.7, wakati vifaa vinataka 17. Kwa bahati mzigo umetawanyika kando ya lupu, hivyo upotevu wa kweli ni kama nusu ya huo, na tunabaki juu ya 18. Inatosha, ingawa nafasi iliyobaki si kubwa.

Betri nazo nilizipima. Zinapaswa kubeba mfumo saa 24 bila umeme wa gridi na bado ziwe na nguvu ya kulia nusu saa. Mfumo ukiwa umetulia hunywa karibu ampea 0.2, ambayo kwa saa 24 ni ampea-saa 4.8; nusu saa ya kulia kwa nusu ampea ni 0.25 tu. Ukiongeza robo kwa ajili ya uzee unapata kama 6.3, nazo zilizokuwemo ni za 7. Inashangaza kwamba mlio wenyewe hunywa kidogo kuliko kusubiri. Hata hivyo chumba cha mlinzi kina joto, na betri za madini ya risasi huzeeka haraka kwenye joto. Nilizibadilisha, na tarehe nikaiandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito.

Jioni ya siku ya pili nilikuwa nimefunga vitako vyote 16, kila kimoja na namba yake, swichi zikiwa zimesomwa mara mbili pamoja na kijana wangu wa kazi: yeye akitaja, mimi nikijumlisha kwa sauti. Vyote viliingia kundi la ghorofa ya tatu, mlio uleule, nguvu ya chini. Tulirudi kwenye chumba cha katikati, mita kwenye mto, mlango umefungwa, panga boi likizunguka. Ilisoma 79. Chumba cha mwisho wa korido, 77. Mwanafunzi mwenye kitanda kile alikuwa amekaa kwenye kiti akiwa na vipokea sauti masikioni, na alivivua mwenyewe kabla sijamwonyesha ishara.

Zinabaki ghorofa tatu. Vyumba vyake ni 48. Vikipata vitako, vifaa vitakuwa 160 na umeme utakuwa miliampea 538, na lupu moja haiwezi lolote kati ya hayo. Inahitajika kadi ya lupu ya pili ndani ya paneli na kebo ya kuirudisha, na taarifa yenye hesabu hizi niliiandika na kumkabidhi matroni aipeleke kwa mwenye jengo, akaniahidi kwamba fedha itatafutwa kabla ya muhula mpya. Hadi siku hiyo wamekubaliana kwamba mzee awe na mwenzake usiku, na kila mmoja amepewa kengele ya mkono ya kupita nayo milangoni endapo paneli italia. Ndani ya mlango wa paneli nimebandika karatasi yenye namba zote 112, na mbele ya namba 37 nimechora swichi saba jinsi zilivyokaa, na mshale unaoonyesha upande gani ni sifuri.